Neno Lenye Rangi Mbili

Pua ya bomba la dawa ikiziba, mtu mwenye akili huifungua, huiosha kwa maji, huichokonoa kwa kijiti. Teng Shoutian, mwenye miaka hamsini na minane ya kutosikia la mtu, alikuwa akiitia mdomoni na kuipuliza. Pfu! Anatema kando, anajifuta midomo kwa mkono wa shati, bomba linarudi mgongoni, safari inaendelea. Mkewe, Luan Guixiang, alikwisha kumsema hata akachoka. Na yeye jibu lake lilikuwa lile lile: "Mama Yuehua, kama ingekuwa ya kuua watu ningekwisha kufa mara kumi."

Jumatatu hiyo ya Julai mahindi yalikuwa yamefika magotini, na magugu nayo hayakubaki nyuma. Pua iliziba mara nne. Mara ya tatu hakupuliza, alinyonya, kwa kuwa uchafu ulikuwa umekwama upande wa nje, na katika kunyonya funda dogo likateremka kooni kabla hajalizuia. Hakumwambia mtu. Aliporudi nyumbani alikunywa chai, akala mikate ya mvuke na vitunguu vya majani, akalala.

Jumanne asubuhi ulimi wake ulikuwa umebabuka kama umelambishwa pasi ya moto. Alitapika uji, akatapika maji. Ndipo aliposema, tena kwa kunong'ona, kama mtoto aliyevunja chungu.

"Umemeza?" Guixiang aliuliza.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu! Unataka nikupimie kwa kijiko?"

Guixiang hakupoteza muda wa kugombana. Hayo aliyaweka akiba. Alichukua chupa ya dawa iliyobaki robo, akamwita jirani mwenye pikipiki ya magurudumu matatu, akampakia mumewe nyuma pamoja na magunia, wakaenda hospitali ya wilaya.

Daktari wa zamu aliitwa Ouyang Rui, kijana wa kusini aliyepangiwa huko mwaka uliotangulia, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Aliigeuza chupa, akasoma lebo. Ilikuwa dawa ya magugu ya siku hizi, ile iliyoruhusiwa baada ya ile ya zamani kupigwa marufuku. Inatesa figo, lakini mtu akiwahiwa hupona. Ile ya zamani ilikuwa habari nyingine. Kila kijiji kilikuwa na kaburi lake: mtu alikunywa kwa hasira, akajuta saa hiyo hiyo, akakaa wiki mbili na akili zake timamu huku mapafu yakigeuka makovu, akafa akihema.

Ouyang hakuwa mjinga. Alijua kuna lebo zinazosema kweli na lebo zinazosema uongo. Akamkabidhi Guixiang kikopo cha mkojo wa mumewe na karatasi. "Mama, peleka maabara, jengo la nyuma. Waambie nataka kipimo cha rangi. Usikae, rudi na jibu."

Alichokosea ni kutomwambia rangi hiyo ina maana gani. Laiti angesema maneno kumi zaidi! Lakini daktari mwenye wagonjwa arobaini huhesabu maneno yake.

Maabara kulikuwa na Mzee Jiao, mtu wa vijiji vya huko huko, aliyebakiza miezi miwili astaafu. Alimimina mkojo kwenye kichupa cha kioo, akatia dawa moja, akatia unga mweupe, akatikisa. Mkojo ukageuka rangi papo hapo. Guixiang, aliyekuwa amesimama dirishani, aliona kwa macho yake.

"Dada," Mzee Jiao alisema, "mashine ya kuchapa majibu imegoma tangu jana. Karatasi nitaiandika kwa mkono, itafuata. Wewe kamwambie daktari: qing. Tena qing iliyokolea."

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Neno hilo, qing, wazee wa vijiji vile hulitumia kwa ngano changa, na hulitumia kwa mbingu iliyooshwa na mvua, na hulitumia hata kwa kitambaa kilichokolea kama kaniki. Ukiwauliza hasa ni rangi gani, watakutazama kama umeuliza maji yana ladha gani. Wakitaja shamba, unajua ni rangi ya majani. Wakitaja mbingu, unajua ni ya mbingu. Lakini mkojo ndani ya kichupa haujulishi chochote. Na kipimo kile kilikuwa na majibu mawili tu yenye maana: kikigeuka kijani, ni sumu iliyoandikwa kwenye lebo. Kikigeuka buluu, ni ile ya zamani.

Guixiang alilibeba neno mbio, akapita ua, akapanda ngazi.

"Qing," alimwambia daktari, akihema.

Ouyang alikuwa mtoto wa mjini, na kwake neno hilo lilimaanisha mboga za majani anazokula kila siku. "Una hakika, mama?"

"Nimeiona mwenyewe. Qing iliyokolea."

"Afadhali," alisema, na mabega yake yakashuka. "Basi lebo haikudanganya." Karatasi ya Mzee Jiao ilipofika jioni, nayo ilikuwa na neno lile lile, limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Daktari aliisoma, akaitia kwenye faili. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hapa walijikwaa watu watatu kwa ulimi mmoja, wala hakuna aliyehisi maumivu.

Wakamwekea Shoutian dripu za kusafisha figo. Kwa kuwa alilalamika kifua kinabana, wakamtia na mipira ya oksijeni puani. Alipata nafuu kweli. Siku ya pili alikuwa anawasimulia wagonjwa wenzake habari za nyumbu aliyekuwa naye ujanani. Siku ya tatu alimwambia mkewe, "Unaona? Kelele zote zile!"

Siku hiyo ya tatu alikuja kumwona Diao Changfu, mwenye duka la pembejeo kijijini, rafiki wa Shoutian tangu shule. Alileta katoni ya maziwa na mayai thelathini. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akacheka kuliko mzaha wenyewe, akaaga mapema. Guixiang akamfuata kwenye ujia.

"Changfu. Chupa ile ni ile ya zamani?"

"Shemeji, si umeisoma lebo?"

"Sikuulizi lebo. Lebo haina macho. Nakuuliza wewe."

Guixiang alikuwa na sababu. Kila mtu kijijini alijua kinachosemwa dukani mle. Mteja hataji jina la dawa. Anaegemea meza, anakonyeza, anasema, "Nipe ile inayoua." Changfu huinama, hutoa chupa chini ya meza badala ya ile ya juu ya rafu, na mbili hizo zina lebo moja. Guixiang aliwahi kumwuliza mumewe tofauti yake ni nini, akaambiwa ya chini ni mpya, haijapigwa na jua.

"Nauza kilichoandikwa," Changfu alisema, akiangalia viatu vyake. "Hata daktari kasema kipimo kimekubali. Sasa wewe unataka kujua kuliko daktari?"

Hapo alimshika pabaya. Ni kweli, kipimo kilikubali, na neno la kipimo alilibeba yeye mwenyewe. Akamwacha aende. Alirudi wodini na donge la kero asilojua alipeleke wapi, akamkaripia Shoutian kwa kutokula mayai.

Siku ya tano kikaanza kikohozi, kikavu, kifupi, kinachokatiza maneno. Siku ya sita Shoutian alishindwa kufika chooni bila kushika ukuta. Wakampiga picha ya mapafu kwenye mashine kubwa. Ouyang aliingia wodini ameishika picha, hakusalimia mtu.

"Hii haiwezekani," alisema, kama anayegombana na picha yenyewe. "Dawa ile hushika figo. Mapafu haigusi namna hii. Chini yote kumekuwa na ukungu, kulia na kushoto." Akamgeukia Guixiang. "Mama, niambie tena. Kichupa kilikuwa rangi gani?"

"Si nilikwambia. Qing."

"Ndiyo. Qing kama nini?"

Siku sita, na hilo ndilo swali la kwanza la maana mtu kumwuliza. Guixiang alitazama huku na huku atafute mfano. Dirishani kulikuwa na kitunguu kilichochipua kwenye kopo, akakipita. Akashika ukosi wa koti lake la kazi, lile la zamani la pamba lililotiwa rangi na mama yake mzazi.

"Kama hili."

Ouyang alikaa chini, juu ya kitanda cha mgonjwa, jambo ambalo madaktari hawafanyi. "Hiyo ni buluu."

"Ndiyo. Qing."

"Mama, hiyo ni buluu!"

"Unanipigia kelele za nini? Buluu, qing, si kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilielewa kijani. Nilikuwa na karatasi mkononi na nikaelewa kijani."

Akainuka, akazima oksijeni, akaivua mipira puani mwa Shoutian kwa mikono yake mwenyewe. Shoutian akamshika kifundo. "We kijana, unafanya nini? Hiyo ndiyo inayonisaidia!"

"Haikusaidii, mzee. Sumu hii ya zamani hukimbilia mapafuni, na hewa hii ndiyo kuni zake. Siku sita tumekuwa tukichochea moto."

Guixiang alisikia maneno yale, na kilichompanda hakikuwa huzuni, kilikuwa hasira isiyo na mwenyewe. Amkasirikie nani? Kijana wa kusini asiyejua lugha ya huko? Mzee Jiao na mashine yake mbovu? Shoutian na mdomo wake? Angekuwa na mtu mmoja wa kumkaba koo angalau mikono ingepata kazi. Lakini neno lilipita kinywani mwake, na kila alipotafuta wa kumlaumu, njia ilimrudisha pale pale.

"Kuna dawa?" aliuliza.

"Ipo moja. Ilitengenezwa kwa ajili ya wazee ambao mapafu yao huota makovu bila sababu kujulikana. Haikutengenezwa kwa sumu. Madaktari wa hospitali kubwa wamewajaribia watu kama huyu, pamoja na dawa za kupoza uvimbe. Wako waliosimama, wako ambao haikuwafaa kitu. Kovu lililokwisha kuota haiondoi. Inachoweza, ikiweza, ni kulizuia lisitambae."

"Sasa tunangoja nini?"

"Nimeshaandika."

"Na ingeanza lini kama…" hakumaliza.

Daktari alitazama sakafu. Angeweza kumdanganya, na wengi wangemshukuru. "Siku ya kwanza," alisema.

Vidonge vilikuja jioni ile. Mara tatu kwa siku, baada ya kula, kamwe si kwa tumbo tupu. Masharti hayo yakawa vita, kwa sababu vidonge vilimtia Shoutian kichefuchefu, na kichefuchefu kikamnyima hamu ya kula, na bila kula hawezi kupewa vidonge. Guixiang akawa anakaa naye na bakuli la uji wa uwele, kijiko baada ya kijiko.

"Meza."

"Umekuwa mkuu wa gereza."

"Meza, mfungwa."

Lakini uji ulikuwa afadhali. Kazi mbaya ilikuwa hewa. Ouyang alimwekea Shoutian kidude kidoleni chenye namba ya hewa iliyomo damuni, akamwambia Guixiang, "Ikishuka chini ya themanini na tano, nipigie kelele popote nilipo. Ikiwa juu ya hapo, asipewe hewa hata akikulilia." Na Shoutian alilia. Mtu aliyebeba magunia ya ngano mabegani, aliyemzika baba yake bila chozi, alinyoosha mkono kuelekea bomba la oksijeni ukutani, hatua moja tu kutoka kitandani, akasema, "Mama Yuehua. Kidogo tu." Namba ilisema themanini na saba. Naye alikaa katikati ya mumewe na ukuta, mgongo umekauka, akamwambia hapana. Wenzake wodini walianza kunong'ona. Mwanamke mmoja aliyekuwa anamwuguza baba yake alimwambia usoni, "Mimi hata mbwa wangu nisingemfanyia hivyo."

"Basi nenda ukamwuguze mbwa wako," Guixiang alimjibu.

Binti yao, Yuehua, alikuwa akipiga simu kila siku kutoka mjini anakofanya kazi, na kila siku alipewa jibu la desturi: baba hajambo, usije, utapoteza kazi. Ndivyo ilivyo kule, habari mbaya hufungwa kwenye kitambaa kizuri, na anayeipokea hushukuru kwa kitambaa. Siku ya nane Guixiang alichoka. "Baba yako hawezi kuvuta pumzi," alisema. "Huenda akafa. Njoo." Upande wa pili kikaanza kilio. Alijisikia vibaya, lakini kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile alijua kwamba alichosema ndicho kilichosikika.

Siku ya tisa, kabla Yuehua hajafika, alikwenda kuchota maji ya moto mwisho wa ujia. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi na chupa yake ya maji alimkuta Diao Changfu ameinama juu ya kitanda. Kifuani pake alikuwa amekumbatia mfuko wa mpira uliotuna kama mto, ule wa oksijeni unaouzwa maduka ya dawa, na mrija wake ulikuwa puani mwa Shoutian. Changfu alikuwa anaukamua mfuko ule taratibu kwa mikono miwili, huku machozi yanamtiririka. Shoutian alikuwa amefumba macho, uso wake umetulia kama mtu aliyepata maji jangwani.

"Toa!"

"Shemeji, mtu anakata roho kwa kukosa hewa na wewe unam…"

"Toa, Changfu, au nakumwagia maji haya!"

Hakungoja. Aliung'oa mrija, akaunyakua mfuko, akautupa chini, akaukanyaga kwa miguu yote miwili mpaka ukatoa mlio wa aibu na kubaki bapa. Wodi nzima iliinua vichwa.

"Unamlisha sumu mara mbili," alisema. "Dukani umemwuzia, sasa umekuja kuichochea."

"Mimi sikujua kama hewa…"

"Ungejuaje? Wewe unajua chupa ni ya nini? Si umesema lebo? Haya, sema lebo tena. Sema mbele yake."

Changfu alitazama rafiki yake. Midomo ya Shoutian ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Ya namna gani Guixiang hakutaka kuitaja.

"Ni ile ya zamani," Changfu alisema. "Naletewa kwenye madumu. Lebo tu ndiyo mpya. Wateja wenyewe ndio wanaoitaka, shemeji. Hii iliyoruhusiwa haiui kitu, wanairudisha, wananitukana. Mtu anakuja ananikonyeza, mimi nifanyeje?"

"Siku ya tatu nilikuuliza."

"Ningefungwa."

"Siku ya tatu nilisimama mbele yako, nikakuuliza kwa Kichina kinachoeleweka! Wangemvua hewa siku ya tatu. Wangempa vidonge siku ya tatu. Siku tatu nzima, Changfu, umemla mwenzako mapafu kwa kuogopa kifungo."

Kutoka kitandani sauti ikatoka, nyembamba, kwa vipande. "Ni mimi… niliyekonyeza."

Wote wawili wakamgeukia. Shoutian alikuwa ametoa macho, na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa ajili ya maneno yale matatu.

"Nyamaza wewe," Guixiang alisema, na sauti ikamkatika. "Zamu yako haijafika." Kisha akamwelekeza Changfu mlangoni. "Nenda kwa daktari. Mwambie ulichoniambia, aandike, utie jina. Haitamsaidia huyu. Lakini kesho kuna mwingine atakayeletwa na chupa yako, na yule kijana atakaa anasoma lebo."

Changfu akaenda. Baadaye watu wa wilaya walikuja wakalifunga duka, na kijiji kikagawanyika, nusu wakisema alistahili, nusu wakinung'unika kwamba magugu yatawashinda. Watu ni hivyo. Guixiang hakuwa na nafasi ya kufurahi wala kusikitika.

Namba ya kidoleni ilishuka mpaka themanini na sita, ikacheza hapo siku mbili, Guixiang akiikodolea macho kama anaweza kuishika isianguke. Siku ya kumi na mbili ikawa themanini na nane. Siku ya kumi na saba, tisini. Hakuna aliyesema neno kupona. Mwisho wa Agosti walirudi nyumbani na mfuko wa vidonge, na amri mpya ambayo Shoutian aliipokea kama tusi: vidonge hivyo huifanya ngozi isivumilie jua. Akae kivulini. Akitoka, kofia pana na mikono mirefu, na bora asitoke.

"Mkulima asiyetakiwa kuona jua," Shoutian alisema. "Si wangeniua tu, yakaisha?"

"Walijaribu. Ulishindwa hata hilo."

Mwezi wa Oktoba, Guixiang na Yuehua walivuna mahindi peke yao na kupanda ngano, huku Shoutian amekaa kwenye kiti cha chini ndani ya kizingiti, pale kivuli kinapoishia, akitoa amri. Jembe linashikwa vibaya. Mistari imepinda. Kila amri ilikuwa na mapumziko katikati, na kikohozi mwishoni. Baadhi ya siku Guixiang alitamani kumtupia bonge la udongo. Miaka thelathini alimwomba atulie nyumbani, sasa ametulia, na hakuna kitu kinachokera kama hicho.

Mwisho wa mwezi walikwenda kupiga picha nyingine, na siku mbili baadaye Ouyang alipiga simu. Guixiang alitoka uani kuipokea, kwa mazoea ya kumficha mgonjwa.

"Mama, hali si mbaya."

"Si mbaya ni nini? Usinipe maneno yenye milango miwili, daktari. Kovu limekua, limepungua, au liko pale pale?"

Akasikia kijana anavuta pumzi. "Liko pale pale. Halijakua tangu Septemba. Halitapungua. Pumzi aliyo nayo sasa ndiyo atakayoishi nayo."

"Ni dawa iliyolisimamisha?"

"Sijui. Kweli sijui. Aendelee nayo. Siku hizi tumeweka kipande cha kitambaa maabara, mama. Viwili. Cha buluu na cha kijani. Anayeleta jibu anakigusa kwa kidole."

Guixiang alishukuru, akakata simu. Alisimama uani. Alikasirika upya, kwa ajili ya vipande viwili vya kitambaa, ambavyo mtu yeyote angeweza kuviweka pale tangu zamani. Kisha akaingia ndani, akajibandua ile desturi kama plasta, kwa mkupuo mmoja.

"Daktari kasema halijakua wala halitapungua. Hivyo ulivyo ndivyo utakavyokuwa."

Shoutian aliitikia kwa kichwa taratibu. Alikuwa amekwisha kujua. Mtu hujua kifua chake. Alimeza kidonge chake cha mchana juu ya mkate nusu, akakunja uso. Baadaye, akiangalia nje kwenye mwanga asioruhusiwa kuuingia, akauliza, "Ngano… imeota?"

"Imeota."

"Yote? Hata… ule upande wa mfereji?"

"Yote."

"Mimi kutoka hapa… sioni. Imekuwa qing?"

Guixiang alikuwa ameshika mlango, jembe begani, amegeuka kwenda. Akarudi hatua mbili, akasimama mbele yake, amemzibia mwanga.

"Nini umesema?"

"Nimeuliza… imekuwa qing?"

"Kijani," alisema. "Katika nyumba hii tunasema kijani. Sema, mzee wewe."

Shoutian alimtazama, akaona kwamba hatanii. Akavuta pumzi ya kutosha, nayo haikutosha.

"Ki," alisema, akangoja kifua kijae, "jani."